Ndara za Mvinjeni

Munje, 12 Januari 2025

Kwa Ami Seifu,

Assalaam alaykum. Shikamoo, Ami. Huku tu wazima, na wanaokuulizia ni wengi kuliko nitakaoweza kuwataja. Salwa mdogo wangu bado yuko Galu hotelini, anafua mashuka ya watu ambao hajapata kuwaona sura. Mama miguu haimsumbui sana msimu huu. Kusahau kwake, kama wanavyosema watu, ni kule kule. Mimi bado nachora vibao vya maduka na mbavu za tuktuk pale Kona ya Musa. Wiki iliyopita nilimaliza kibao cha kinyozi aliyetaka picha ya kichwa chake mwenyewe. Amefurahi, ingawa masikio nilimpunguzia.

Ninakuandikia kwa sababu simu yako ulisema ilianguka mtoni, na huu ni mwaka wa tatu haijaopolewa.

Jambo lenyewe ni ule ukuta. Tangu ulipojengwa mwaka wa 2017 hoteli iliyoahidiwa haijaota ndani yake. Kuna nyasi, na Kenga askari amepanda mchicha. Sasa mwenye ukuta anataka kuwaleta wageni wapaone mahali, na ukoga ule mweusi unamtia haya. Amewaruhusu kina mama wa kikundi wauchore watakavyo upande wa kijiji, hatua themanini na mbili kutoka pembe hadi pembe. Kikundi kimenipa kazi mimi.

Tulikutana shuleni mara tatu. Naibu wa chifu alitaka bendera. Mwalimu Cynthia, yule wa bara, alitaka watoto walioshikana mikono. Maalim Abdulrahim akasema kwa upole kwamba picha za watu hataweza kuzipitia kila alfajiri akienda kusalisha. Kache, aliyehamia kwetu na mbuzi wake kutoka Kinango, akauliza kama mbuzi nao ni watu. Wakacheka, mkutano ukavunjika.

Mara ya tatu akasimama Mama. Siku hizi hasemi mikutanoni, kwa hiyo wote waligeuka kumtazama. Alisema, "Choreni viatu," akakaa.

Walioolewa hapa karibuni hawakuelewa, ikabidi waelezwe. Wewe huhitaji, lakini nitakueleza vilevile. Kabla ya ukuta, pale palipita njia ya wanawake kushuka mwambani kutafuta pweza. Mchanga ulipoanza palikuwa na mvinje, na kila mwanamke alivua ndara zake chini ya mvinje ule akazichukua akirudi. Ukitaka kujua nani yuko mwambani na nani bado hajarudi, ulitazama chini ya mti. Basi kila nyumba ya Munje itakuwa na jozi moja ukutani, bila sura ya mtu. Maalim alisema hilo analiweza, ni kama mlangoni pa msikiti.

Nitachora mvinje mkubwa mwisho wa ukuta, njia ya rangi ya mchanga ikienda kwake tangu pembe ya kwanza, na pindo la leso juu na chini. Ndara hazichorwi kwa kukisia. Kila nyumba inaleta jozi yenyewe, ninaibandika ukutani, ninaizungushia makaa, ninapaka rangi ile ile pamoja na viraka vyake. Nyumba zipo sitini na moja, na yako nimeihesabu. Madirisha yake huyafungua mimi kila Ijumaa.

Kwa hiyo nitumie jozi yako, Ami, hata kuukuu. Dereva wa basi la Garsen ananijua.

Mwanao,
Hadiya binti Adnan

—

Kipini, 9 Februari 2025

Kwa mwanangu Hadiya,

Waalaykum salaam, na marahaba. Barua yako ilikaa ofisi ya basi siku kumi kwa sababu walilisoma jina la Adnan badala ya langu, wakamtafuta marehemu babako. Mimi ni mzima. Mto umejaa maji ya bara, na mashine za boti zinakunywa tope. Hilo ni baya kwa wenye boti na jema kwangu. Nina mashine tisa zilizofunguliwa uani, na kila mwenyewe anataka yake leo.

Nimefurahi kwamba umepewa kazi kubwa. Rangi usinunue ya maji kwa ukuta ulioelekea bahari, chumvi itaikoboa kabla ya mwaka. Nunua ya mafuta, na kabla yake uukwangue ukoga kwa brashi ya waya, kisha chokaa mara mbili.

Kuhusu picha yenyewe, ningekuwa mimi ningechora samaki. Changu, tasi, hata pweza wenyewe. Samaki hawana ugomvi na mtu, na wageni wanawapenda. Viatu ni vitu vya kuvuliwa mlangoni, sijui kama vinafaa kupandishwa ukutani.

Yangu usiihesabu. Mimi si mtu wa hapo tena, mwaka wa saba huu. Nyumba mpe Salwa akiolewa.

Mamako umesema miguu haimsumbui. Bado anatembea hadi kisimani? Na huko kusahau, husahau nini hasa? Majina, au vitu?

Wasalimie wote. Yeye msalimie zaidi.

Ami yako,
Seifu

—

Munje, 5 Machi 2025

Ami,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Tumefunga salama. Futari ya jana ilikuwa mihogo ya nazi, na Mama aliipika yeye, kwa hiyo ililiwa ikaisha. Nakwambia hilo kwa sababu umeuliza anasahau nini.

Ami, mimi nimeanza kuhesabu, na sijapata kitu. Hasahau majina wala madeni ya sukari ya jirani. Anajua nani alizaliwa mwaka gani na mvua zilikuwaje. Lakini kijiji kizima kinajua kwamba Mama, Bi Mwanafatuma, husahau, na ukiuliza tangu lini utaambiwa tangu siku ile aliporudi kutoka pwani bila viatu.

Wewe ulikuwepo. Aliondoka nyumbani na ndara za buluu, ile ya kulia ameifunga ukanda kwa uzi wa kuvulia. Akazivua chini ya mvinje. Aliporudi na pweza wake hazikuwepo, akaja hadi nyumbani miguu mitupu juu ya mchanga wa saa saba. Watu wakamcheka, na mimi nilicheka. Alisema ameziacha mvinjeni, sote tukasema, sawa Mama. Mwezi uliofuata ukuta ukaanza kujengwa.

Kisha baraza la mwaka 2018, kina mama walipodai njia yao, yeye ndiye aliyetolewa kuwa shahidi kwa sababu alipita pale miaka arobaini. Akasema hata siku ile bwana mpima alipokuja kupima shamba, ndara zake zilikuwa mvinjeni. Akaulizwa, "Ziko wapi sasa?" Bi Mwanakombo akacheka kwa sauti, akasema huyu mwenzetu hakumbuki alipoacha viatu vyake, atakumbuka vipi njia? Na karatasi ikasomwa ya jirani wa shamba kwamba hapo hapapiti mtu. Baraza likafungwa. Tangu hapo hawamwachii hata sufuria ya pilau kwenye arusi, wasije wakala chumvi mara mbili. Yeye aliyekuwa akipikia arusi zote za hapa hadi Msambweni, sasa huketi na wageni akiletewa sahani.

Sasa habari za ukuta. Nimeukwangua, nimepaka chokaa mara mbili kama ulivyosema. Watu wanaleta jozi zao. Kache ameleta akala za mumewe zilizokatwa tairi la trekta, na makaa yangu yaliisha nikizizungushia. Mwalimu Cynthia ameleta raba za kukimbilia, akagusa kamba zake, akasema, "Madam, usisahau laces, please." Bi Jemima ameleta vile vyeusi vya kanisani. Wake wawili wa mume mmoja, kila mmoja na nyumba yake, wametaka jozi zao zitenganishwe kwa jozi kumi za watu wengine, nimewapa sita. Mjane mmoja ameleta makubadhi ya marehemu, akaniomba nisipake rangi pale kidole gumba kilipokula ngozi.

Mama hajaleta. Nimemwambia achukue zozote, anazo jozi tatu. Anajibu, "Zangu ziko mvinjeni," anaendelea na kazi yake. Kwa hiyo nina nafasi mbili tupu, yako na yake, na zimekaa pamoja kwa sababu nyumba zimekaa pamoja.

Jirani wa shamba aliyetia sahihi ni wewe, Ami. Hilo nalijua zamani, na watu wamelimeza. Wanasema wanaume hawakupita njia ile, mlikuwa na yenu ya bandarini, kwa hiyo huenda hukuijua. Nakuuliza jambo moja tu. Siku ya bwana mpima ulikuwa pale?

Hadiya

—

Kipini, 30 Aprili 2025

Kwa Hadiya,

Salaam. Eid mubarak iliyochelewa. Barua yako niliipata kabla ya Idi, kazi zilinibana.

Rangi ya buluu usiichanganye na mafuta ya taa, inapauka. Mvua zikianza funika kazi kwa turubai na usiguse ukuta mpaka ukauke siku nne.

Siku ile usiniulize.

Seifu

—

Munje, 22 Juni 2025

Ami Seifu,

Shikamoo. Sote wazima.

Mvua zilitusimamisha wiki sita. Turubai tulifunika. Sasa kazi imebaki kidogo: mvinje umesimama hadi ukingo wa juu, njia imeufikia, na chini yake kuna jozi hamsini na tisa. Watu huja jioni kuzitazama. Ni ajabu, Ami, wanavyozitazama. Hakuna anayesema hii nimeipenda au ile haikukaa sawa. Wanasema, huyu amerudi, huyu bado, kama zamani. Watoto ambao hawajapata kuiona njia ile wanaijua sasa inavyokwenda.

Kuna jambo limetokea. Jumatatu Mama alikuja peke yake na fimbo yake wakati nachora pindo. Akaanza pembe ya kwanza, akatembea ameuweka mkono kwenye ukuta, akasimama. Akapiga ukuta kwa fimbo, akasema, "Njia iliingilia hapa." Nikamwita Kenga atazame upande wake. Kenga alizunguka, akarudi. Akasema nyuma ya pale pale kuna mawe mawili ya kukanyagia, ameyakuta alipokuwa analima, na moja kwa moja mbele yake kuna kisiki cha mvinje. Kimekatwa, lakini kipo.

Nilimtazama Mama. Ami, nimekuwa nikimwambia "sawa Mama" miaka minane. Niliona haya mpaka nikashuka ngazi. Nilimwomba radhi. Yeye alisema rangi itakauka kwenye brashi.

Ukuta utazinduliwa Jumamosi, tarehe 9 Agosti. Maalim atasoma dua, na pilau litapikwa na Bi Mwanakombo. Nafasi mbili zisipopata jozi, nitazipaka chokaa, na watakaokuja watauliza kwa nini.

Hadiya

—

Kipini, 20 Julai 2025

Kwa mwanangu Hadiya,

Assalaam alaykum warahmatullah. Afya yangu ni njema. Mto umepungua. Mashine zote nimezirudisha kwa wenyewe, uani hakuna kitu, na nimekosa kisingizio cha kutoandika.

Kwenye furushi utakuta ndara za buluu, za kike, ya kulia imefungwa ukanda kwa uzi wa kuvulia. Si zangu. Unajua ni za nani.

Siku ya bwana mpima nilikuwa pale. Mtu wa mnunuzi aliniahidi kwamba hoteli ikiisha boti zake zote zitakuwa mkononi mwangu, karakana na vijana wa kazi. Nilichotakiwa ni sahihi ya jirani kwamba shamba lile halipitwi. Mwambie mamako njia niliijua. Wanaosema sikuijua wananistahi tu. Yeye ndiye aliyenilea tangu babako alipomwoa, nikiwa na miaka sita. Njia ile alinipitisha mgongoni.

Nilifika mapema, maji ndiyo kwanza yanaanza kupwa. Chini ya mvinje palikuwa na jozi moja, yake. Siku zote alikuwa wa kwanza kushuka. Bwana mpima alikuwa anakuja na karatasi zake, namwona ng'ambo ya minazi. Angeziona angeuliza za nani, na mwenyewe yuko wapi. Niliziokota nikazitia kwenye mfuko wangu wa spana. Alipouliza kama hapa hupita watu, nilisema hapana, nikatia sahihi.

Nilikusudia kuzirudisha alasiri. Nilidhani nitazitupa mahali karibu na nyumba, aseme loo, hizi hapa. Lakini alirudi kabla yangu. Nilipofika mlikuwa mnamcheka, naye amekaa kizingitini anaosha nyayo zilizoungua. Akanitazama akasema, "Seifu, wewe niamini, nimeziacha mvinjeni." Nikacheka na nyinyi.

Baada ya hapo kila siku ilikuwa mbaya zaidi kuliko jana yake kwa kuzirudisha. Kwenye baraza nilikuwa safu ya nyuma. Walipomwuliza ziko wapi, zilikuwa chumbani kwangu, chini ya kitanda. Nilikuwa naweza kusimama. Sikusimama. Wiki iliyofuata nikaja huku.

Sikuzitupa. Mara mbili nilikwenda nazo hadi mtoni nikarudi nazo. Zimekaa juu ya rafu yangu ya mashine miaka yote hii, na kila mteja anauliza mkeo yuko wapi.

Naona haya, Hadiya. Ndio maana nilikuandikia habari za rangi.

Mpe. Barua hii msomee, au usimsomee, uamuzi ni wako. Jozi yangu sijaitia kwa sababu sina haki ya kukaa karibu na yake.

Seifu

—

Munje, 10 Agosti 2025

Ami,

Shikamoo. Nakuandikia asubuhi ya pili ya ukuta. Furushi lilifika Alhamisi. Wazima sote.

Nilimsomea Mama barua chumbani, mlango nimeufunga. Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Hapo pa kizingiti, rudia." Nikarudia. Akasema Jumamosi niisome tena, ukutani, mbele ya kila mtu, na nisiruke neno.

Basi niliisoma. Maalim alikuwa amemaliza dua, watu wamesimama hadi barabarani. Nilisoma yote, na pale ulipocheka nilipasoma polepole, kwa sababu nilikuwa mmoja wa waliocheka. Kache ndiye aliyelia kwanza, na yeye hata hakuwa Munje wakati ule. Bi Mwanakombo alikwenda zake jikoni. Nilidhani amekasirika. Akarudi na mwiko mkubwa wa pilau, akaushika mikono miwili, akamnyooshea Mama. Mama aliupokea akaupitisha kwangu, akasema nimshikie, ana kazi.

Alizitoa ndara kwenye furushi. Akaivuta ile ya kulia, akalitazama fundo. "Ni langu," akasema. Kisha akaziweka mwenyewe ukutani kwenye nafasi yake, ncha zikielekea mvinje. Wengine wote wamezielekeza kijijini, kama mtu aliyerudi. Nilimwuliza kama ana hakika. Akasema siku ile alikuwa anashuka. Nikazungusha makaa, nikapaka buluu ile ile iliyopauka.

Nafasi yako sikuipaka chokaa. Nilimwuliza nifanye nini nayo. Alisema jozi yako haichorwi mpaka uilete kwa miguu. Kikundi kimeomba baraza lifunguliwe tena, tarehe 18 Septemba, na wazee wamesema barua haitoshi, wanataka mwenye sahihi asimame mbele yao. Kenga ameahidi kuonyesha mawe na kisiki, kazi yake ikimponyoka basi. Mama hajasema kwamba amekusamehe, na mimi sikumwuliza. Alichosema ni kwamba madirisha yako safari hii atayafungua yeye.

Pilau alilimaliza kupika Mama. Chumvi ilikuwa sawa.

Watu walipotawanyika alizivaa ndara zake, akaenda nazo nyumbani, polepole, uzi ukimkwaruza kidole. Kizingitini alizivua akaziweka ndani ya mlango. Akaniambia nikuandikie kwamba amefika.

Mwanao,
Hadiya